Waya wa Saba

Gari ni la ndugu wawili, hapo ndipo kasoro ilipoanzia.
Chevrolet ya buluu ya mwaka sitini na nane:
baba yao aliinunua kwa pesa za mbao,
akafa, akawaachia wote wawili
na ufunguo mmoja.

Wiki hii Evert, wiki ijayo Torgny, mume wangu,
na kila linaporudi lina kigugumizi.
Kwenye kilima cha kanisa, njia ya Leksand,
linakohoa, linapiga misi, linataka kusukumwa.
Torgny husema: Evert huyo, anaendesha kama anafukuzwa.
Evert husema: Torgny huyo, anatia petroli ya bei poa.
Haya wananiambia mimi.
Wao wenyewe hawajasemezana tangu matanga.

Jumanne usiku, baridi nyuzi kumi na nane chini ya sufuri,
nilivaa ovaroli juu ya gauni la kulalia,
nikaingia bandani, nikafungua mlango moshi utoke,
nikainua boneti, nikawasha injini,
nikazima taa.

Gizani gari halidanganyi.
Upande wa kushoto, nyuma kabisa,
kicheche cha buluu kiliruka, tak, tak,
kutoka kwenye waya kwenda kwenye bomba la eksozi.

Waya wa saba. Ganda limeiva, limepasuka,
linanuka kama nywele zilizoguswa na pasi.
Aliyeupitisha pale alipenda njia fupi:
distribyuta, plagi, basi,
kaulaza juu ya chuma kinachokaribia wekundu.
Njia fupi. Wanaume wa nyumba hii
wote wanaipenda.

Seti mpya nilikuwa nayo tangu Oktoba
ndani ya debe la unga, mahali ambapo Torgny hatii mkono.
Nikachomoa mmoja, nikachomeka mmoja.
Moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili,
nahesabu kama mishono ya soksi:
ukikosea mmoja, unafumua hadi kisigino.

Nikazipandisha nyaya juu ya kifuniko cha vali,
mbali na eksozi upana wa vidole vitatu,
nikazibana, lakini kila mmoja nikauachia ulegevu,
maana injini ikinguruma hutikisika,
na waya uliokazwa sana
hukatika hata bila kuungua.

Tano na saba wana kisa chao.
Ni majirani, na zamu zao zinafuatana.
Ukiwalaza sambamba, umeme wa tano
unamwamsha saba kabla ya wakati wake,
na injini inajipiga ngumi tumboni.
Nikawatenganisha.
Pale walipolazimika kukutana, nikawapitisha msalaba,
wapishane kama watu mlangoni:
habari, nzuri, haya.

Sikuwa namfikiria mtu yeyote. Naapa.
Ingawa kila Jumapili mezani
naketi katikati yao, mimi na bakuli la viazi.

Nikawasha tena, nikazima taa.
Giza. Giza tupu, linanguruma.

Jumatano Evert alilichukua.
Jioni simu ikalia.
“Mwambie Torgny,” akasema, akanyamaza,
nikasikia saa yake ya ukutani.
“Mwambie safari hii kalitengeneza vizuri.”

Nikamwambia. Torgny akaweka kikombe chini.
“Si mimi. Mimi nilijua ni yeye.”

Nilikuwa nasugua kucha kwa brashi,
grisi haitoki upesi.
“Basi mwambie mwenyewe,” nikasema, “hajakata.”
Nikamsogezea simu.
Waya wake ulikuwa umelala kando ya jiko.
Nikauinua kwanza,
nikauzungusha nyuma ya kiti.